Anayegawa Huonja Kwanza

Mimi ni mtu wa kushuku, na sikuanza jana. Mama yangu alinifundisha kwamba ukipewa kitu cha bure, kigeuze uangalie chini yake, na ukikosa kuona kitu hapo, mwangalie vizuri aliyekupa. Kwa hivyo mwaka ule wa mahindi ya njano, niliposikia kwamba hapa Langas kuna mjane anawapikia watoto wa watu na hataki hata senti, sikusema Mungu ni mwema kama majirani zangu. Niliuliza, anataka nini?

Waliokuwa watu wazima wakati huo wanaukumbuka mwaka wenyewe. Mvua ilikataa. Sisi tunaokaa Eldoret, katikati ya mashamba ya mahindi, tukapanga foleni kununua mahindi ya njano yaliyokuja kwa meli. Ugali wake ulikuwa na harufu ya gunia, na watu walisema kule yalikotoka hupewa ng'ombe. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, na sasa alikuwa akitoka asubuhi kwenda kutafuta kibarua hadi Cheptiret, akirudi na vumbi tu kwenye viatu. Tulikuwa tumekuja kutoka upande wa ziwa miaka sita kabla, tukiwa na godoro na matumaini. Godoro lilikuwa bado lipo.

Binti yangu mdogo alikuwa na miaka miwili na kitu. Nilimwachisha kunyonya mapema kwa sababu nilishika mimba nyingine, halafu hiyo mimba ikatoka. Basi nikabaki na mtoto aliyenyimwa ziwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuja. Miguu yake ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki pale. Nywele zikawa rangi ya kutu, na akaacha kulia. Hilo la kuacha kulia ndilo lililoniogopesha, maana nilikuwa nimeshazika mmoja, na huyo naye alianza kwa kunyamaza.

Mama mkwe alituma neno kwamba kuna mwiko umevunjwa nyumbani kwetu. Sikubishana naye, lakini nilimbeba mtoto hadi hospitali ya misheni kule Plateau. Muuguzi alimwangalia miguu, akaniangalia mimi, akaniambia, "Mama, huyu mpe maziwa, mpe mayai, mpe samaki, au umpe maharagwe na karanga kila siku. Na usichelewe." Nilisikia maziwa, nikasikia mayai, nikasikia samaki. Lile la maharagwe niliona ameongeza tu asinivunje moyo. Nani amewahi kuona maharagwe yakimwinua mtoto kitandani?

Maziwa hatukuwa nayo, na mayai yalikuwa ya wenye kuku. Ndipo nikashika njia kwenda kwa huyo mjane, mtoto mgongoni, nikiwa nimekasirika njia nzima kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda.

Mahali penyewe palikuwa bucha. Mume wake alikuwa mchinjaji, mtu wa kutoka mkoa wa Central, na bucha yake ilikuwa kando ya barabara ya Kapsabet, watu wote wa Langas wakiijua. Presha ikamuua. Matanga hayajapoa, mjane akauza mizani na msumeno, akapaka kuta chokaa, akasema nyama haitaingia pale tena. Vyuma vya kutundikia nyama tu ndivyo alivyoviacha, vimejipanga ukutani, na sasa vilikuwa vimebeba mifuko ya maharagwe, ndengu na njugu. Mwambie mtu yeyote hadithi hiyo, uone kama hatauliza swali moja. Mume wangu aliuliza: "Mwanamke aliyekula nyama ya bwana wake miaka ishirini, bwana akifa anaichukia. Huyo ndiye unampelekea mtoto?" Hata mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo.

Watoto walimwita shosho, yaani nyanya, na sisi mama zao tukamwita hivyo pia. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, na alinusa tumbaku kutoka kwa kichupa alichokifunga kwenye pindo la leso. Alisema ni dawa ya kichwa. Kila asubuhi kabla ya kugawa, alisimama mlangoni na kusema maneno yake, na huwezi kuchota kabla hajamaliza.

"Hii mahindi ya njano," alikuwa akisema, "kule imetoka ni ya ng'ombe. Sisi tumepewa chakula ya ng'ombe na tukasema asante. Sasa mimi nawauliza, hapa kwetu, ni mahindi ngapi ilikula ng'ombe kabla mvua ikatae? Ng'ombe atakula debe, akupe kikombe. Mimi nimekata nyama, najua ni nini inabaki. Mtoto hahitaji damu ya mtu yeyote ndio apone. Anahitaji ile debe."

Watu waliitikia "ndiyo, shosho" huku macho yakiwa kwenye sufuria. Hakuna aliyemwamini. Upande huu wa nchi, kumwambia mtu maziwa si lazima ni kama kumwambia hewa si lazima. Lakini tumbo halina ubishi, na foleni ilikuwa ndefu.

Siku yangu ya kwanza nilifika mbele ya sufuria nikasimama. Ulikuwa uji wa wimbi na soya na karanga za kusaga. Alinyoosha mkono achukue kikombe changu, nami nikakirudisha nyuma. Nikasema, "Shosho, usinichukie. Kwetu anayegawa huonja kwanza."

Na kweli kwetu ni hivyo. Mgeni hapewi kibuyu kabla mwenye nyumba hajapiga funda moja mbele yake. Si matusi. Ni kusema, kama kuna kitu humu, tutakufa wote. Lakini nilijua sikusema kwa heshima, na wenye foleni walijua. Wakanyoosha shingo waone.

Shosho aliniangalia kidogo. Halafu akajaza bakuli, si kuonja tu, bakuli zima, akalinywa lote akiwa amesimama, akafuta mdomo. "Kumbe ndio mnataka hivyo," akasema. "Mngesema mapema." Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi, bakuli la kwanza lilikuwa lake, mbele ya watu wote. Foleni ikaongezeka mara mbili. Mimi ndiye niliyeileta desturi hiyo pale, na nilijisifu.

Baada ya wiki mbili aliniuliza kama najua kupikia watu wengi. Nilikuwa nimepika matanga ya ukoo mzima, kwa hivyo nilisema ndiyo. Akanipa ufunguo niwe nikifika alfajiri kuwasha moto. Malipo yalikuwa chakula cha watoto wangu wote, na sheria ilikuwa moja. Mlangoni pake hakipiti kitu kilichotoka kwa mnyama. Si nyama, si maziwa, si yai, si samaki, si samli. "Hata mafuta ya kupaka mikate," alisema, "wacha nyumbani." Nikakubali. Mdomo unakubali haraka ukiwa na njaa.

Halafu kulikuwa na zile kamba. Kila Jumatatu alimshika kila mtoto mkono, juu ya kiwiko, akauzungushia kamba nyembamba, akapiga fundo pale ncha zilipokutana. Jumatatu iliyofuata, kamba ile ile, fundo jingine. Mtoto akinenepa, fundo linasogea. Kila kamba ilikuwa na alama yake, kwa sababu si sisi wote tuliojua kusoma. Moja ilikuwa na shanga, nyingine na kitambaa. Ya binti yangu ilikuwa na kifungo chekundu kilichotoka kwenye shati la baba yake. Kamba zote zilining'inia kwenye vyuma vile vya nyama, na mimi nilizichukia. Kwa nini mtu apime mtoto wa mwingine? Mahali nilipokulia, mtu akichukua kipimo cha mwili wako, ama anakushonea nguo ama anakuchimbia.

Siku moja tukichambua maharagwe nilimuuliza. Akasema anataka kuzipeleka hospitali, azilaze mezani mbele ya madaktari, awaonyeshe watoto waliopona bila tone la maziwa. "Wakiona, wataambia kila mama asiye na ng'ombe kwamba hajashindwa," akasema. "Wewe ulipoambiwa maziwa, ulijisikia aje?" Nikasema nilijisikia nimeambiwa nizike. Akaitikia kwa kichwa.

Siku hiyo hiyo akanieleza kilichomwachisha nyama. Ukame ulipoanza, watu waliuza mifugo ovyo, na mume wake akaletewa ng'ombe ambaye hakuna aliyejua ana mimba. Yeye shosho ndiye aliyekuwa akisafisha matumbo. "Nilikipata kimekamilika," akasema. "Kwato zilikuwa laini bado. Mzee akasema nitupe. Nilitupa. Wiki ya pili naye akaanguka." Aliendelea kuchambua maharagwe. Mtu mwingine angelia naye. Mimi nilikaa pale nikijiuliza ni nani aliyemweleza habari ya mimba yangu, na kwa nini ananichagulia hadithi hiyo.

Ndivyo nilivyokuwa. Sijipambi.

Huku nje maneno yalikuwa yakipikwa vilevile. Walisema soya ina dawa ya kuzuia uzazi. Walisema mjane ametumwa na watu wanaotaka kununua ng'ombe wetu kwa bei ya kutupa. Na katika ploti yetu kulikuwa na kijana wa chama, jirani yangu mlango wa tatu, naye pia mtu wa upande wa ziwa, mmoja wa wale waliosimama sokoni kuuliza watu kadi za chama tawala. Miaka ile ulichunga ulimi hata ukimkemea kuku. Akaniambia kwa upole, "Mama, wewe si uko ndani? Ukisikia kitu kisichoeleweka, si utatuambia?" Nami, kwa kuogopa na kwa kutaka kuonekana mwerevu, nikamwambia kitu kimoja tu. Nikamwambia shosho anawafundisha akina mama kwamba maziwa si lazima.

Akaegemea mlango. Wakati huo watoto wote wa shule walikuwa wakipewa maziwa ya serikali, yale ya pakiti za pembetatu, na kila mtu alijua ni zawadi ya rais mwenyewe. "Si lazima?" akauliza. Nikaona nimesema zaidi ya nilichokusudia, nikaingia ndani kugeuza sukuma wiki ambayo haikuwa imewekwa motoni.

Sasa nifike kwenye kosa langu lenyewe. Wiki tatu zilipita, na miguu ya binti yangu ilikuwa imepungua kidogo, lakini kidogo huo ulinitesa. Nilisema ni maji tu yametoka, damu hajapata. Muuguzi si alisema samaki? Mama mkwe akatuma kikapu cha omena kwa basi. Wale samaki wadogo, wakavu, ndio walionilea mimi na ndugu zangu wote. Nilikaa na kikapu kile mapajani nikaona wokovu wa mtoto wangu uko hapa, na kizuizi chake ni mjane mmoja na kanuni zake.

Kumpa nyumbani ningeweza, mtasema. Nilijaribu. Jioni alikuwa amechoka, alitapika kila kitu. Kitu pekee alichokubali kilikuwa ule uji wa asubuhi, akiwa na watoto wenzake. Na kumtilia kwenye kikombe chake peke yake haikuwezekana, kwa sababu foleni ile ilikuwa na macho. Mtoto mmoja akipewa tofauti, mama hamsini watauliza kwa nini. Basi nilikaanga omena mpaka wakakauka kabisa, nikavunja vichwa, nikasaga pamoja na karanga nilizoziunguza makusudi, nikachekecha. Alfajiri, kabla shosho hajafika, nilitia konzi mbili za unga huo kwenye sufuria kubwa, nikakoroga mpaka mkono ukauma.

Shosho akaja, akajaza bakuli lake la kwanza, mbele ya watu wote, akanywa lote. Nilishika mwiko nikingoja. Akasema, "Leo karanga imeungua kidogo." Pua yake ilikuwa imekufa na tumbaku. Sijui kama nilipumua kwa furaha au kwa kitu kingine.

Nilijiambia samaki si nyama. Nilijiambia hana habari, na asichokijua hakitamwuma. Kilichonishangaza ni wanawake wa kwetu kwenye foleni. Walinusa kikombe, wakaniangalia, wakainamisha macho, na kesho yake wakaja na majirani. Hakuna aliyefungua mdomo. Kwa mara ya kwanza watu walianza kuuamini ule uji, na mtu pekee ambaye hakujua sababu alikuwa mwenye jiko.

Nilifanya hivyo kila siku, miezi miwili. Binti yangu akaanza kulia tena, halafu akaanza kucheka, halafu akaanza kunyang'anya wenzake vikombe. Fundo kwenye kamba ya kifungo chekundu lilikuwa likisogea. Shosho alilionyesha kwa kila mtu aliyepita. "Maharagwe hayo," alisema. "Maharagwe, soya na karanga, na wimbi." Mimi nilikuwa nikikoroga.

Kijana wa chama alikuja siku ya Ijumaa, foleni ikiwa imejaa, na wenzake wawili. Alimsalimia shosho kwa adabu, "Shikamoo mama," na adabu hiyo ndiyo iliyonifanya niache kuchota.

"Tumesikia hapa unaambia watu wasinywe maziwa," akasema. "Serikali inapatia watoto maziwa shuleni. Wewe unapinga?"

"Mimi sipingi," shosho akasema. "Mwenye maziwa anywe. Mimi naambia yule hana, asikate tamaa."

"Na ndani ya uji unaweka nini? Watu wanasema iko na dawa."

Hapo nilitazamia aogope. Hakuogopa. Alichukua bakuli, akalijaza, akalinywa mbele yake mpaka likaisha, akaligeuza chini juu waone. "Mimi nakula wa kwanza kila siku," akasema. "Kitu iko kwa hii sufuria iko ndani yangu. Naapa kwa kaburi ya mzee wangu, humu hakuna kitu isipokuwa ile ilimea kwa udongo." Halafu akanigeukia mimi. "Na huyu mpishi wangu ni shahidi. Anakuwa hapa kabla yangu. Mwambie."

Foleni nzima ikaniangalia. Binti yangu alikuwa ameshika sketi yangu. Nikiwaza tu kwamba nikisema ukweli jiko litafungwa na mtoto atarudi kule alikotoka, nikasema, "Ni kweli. Hakuna kitu kingine."

Kijana akachukua kikombe. Akaonja. Akakinusa kikombe, akaonja tena, akafumba macho, na uso wake ukalegea mpaka nikamwona alivyokuwa mtoto. Akaanza kucheka. "Mama," akamwambia shosho, "mimi nimezaliwa kando ya ziwa. Huwezi kunificha omena."

Watu wakacheka naye. Mzigo uliwatoka mabegani. Kumbe si dawa, ni omena tu. Kumbe shosho naye ni mtu kama sisi, anahubiri maharagwe na kupika samaki. Mmoja wa wale wawili akaomba kikombe chake. Wakanywa, wakaaga, wakaenda. Shutuma zote za Langas ziliisha pale pale.

Shosho hakucheka. Alikuwa bado ameshika lile bakuli. Aliwatazama wanawake wa upande wa ziwa, mmoja mmoja, na kila aliyemtazama aliangalia chini. Alipomaliza nao akafika kwangu.

"Tangu lini?"

"Tangu ile mwezi ya kwanza kuisha."

"Kila siku?"

"Kila siku, shosho."

Akaweka bakuli chini. Akapita nyuma ya jiko, nikamsikia akisukutua mdomo. Alisukutua, akatema, akasukutua tena, maji ya mtungi mzima. Mimi nilimaliza kugawa kwa sababu watoto walikuwa wanangoja, na mikono yangu haikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Watu walipoondoka alirudi, akaanza kutoa kamba kwenye vyuma. Nikamwambia, na Mungu anisamehe kwa upumbavu huo, "Shosho, samaki si nyama."

"Sijakuuliza kama ni nyama," akasema. "Wakiniuliza hawa watoto walikula nini, nitawaambia nini? Nimeapa kwa kaburi. Nimekuweka shahidi." Sauti yake haikupanda. Ningependa ipande. Alizikusanya kamba zote mkononi, za watoto wote, mafundo ya wiki zote hizo, akazitia motoni chini ya sufuria niliyopikia. Ile ya kwangu aliishika kidogo, akakata kifungo kwa meno, akanipa, halafu nayo akaitupa.

Nilidhani ndiyo kufukuzwa. Nikamchukua mtoto, nikasimama mlangoni, na kwa sababu sikuwa na haya tena iliyobaki nikauliza, "Na huyu atakula wapi?"

"Mtoto amekosa nini?" akasema bila kugeuka. "Mlete kesho. Na wewe kuja. Ufunguo acha."

Kesho yake nilimkuta ameshawasha moto mwenyewe. Alikuwa na kamba mpya. Foleni ilikuwepo, yote. Akajaza bakuli la kwanza, na mimi, kwa mazoea, nikangoja alinywe. Akaninyooshea mimi.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Nikapokea. Nikanywa lote mbele ya watu, akiniangalia koo mpaka nikameza funda la mwisho. Halafu akaniomba kile kifungo chekundu, akakifunga kwenye kamba mpya, akamshika binti yangu mkono na kupiga fundo la kwanza.

Ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka mvua iliporudi. Hakunitukana, hakunisengenya, alinisalimia na kuniuliza watoto wameamkaje. Lakini hakula tena kitu nilichopika kabla ya kuniona nikikimeza. Omena zilizobaki nilizirudisha kwa mama mkwe. Na nitawaambia kitu ambacho sikumwambia mume wangu mpaka tulipozeeka. Fundo la binti yangu lilisogea vilevile. Jumatatu kwa Jumatatu, kwa maharagwe na soya na karanga na wimbi, lilisogea kama lilivyosogea nilipokuwa natia samaki. Nilikuwa nikiliangalia kwa jicho la kushuku, nikiomba lisimame kidogo tu, ili nipate kusema nilikuwa na sababu. Mama anayeomba hivyo juu ya mtoto wake, sijui anaitwaje.

Mvua ilipofika watu walirudi mashambani na foleni ikafupika. Shosho akatia zile kamba kwenye mfuko wa khaki, akavaa koti lake la kanisani, akaenda hospitali. Alirudi mchana. Nilikuwa nimeweka maharagwe motoni. Akatundika koti kwenye chuma cha nyama, akakaa, akatoa kichupa chake cha tumbaku na hakukifungua.

"Walisema nini, shosho?"

"Waliziangalia vizuri," akasema. "Walikuwa watu wazuri. Walisema ni za wiki chache, hazitoshi."

Maharagwe yalikuwa yameiva. Nilipakua sahani yake, nikaiweka mbele yake, na nikachukua kijiko. Nilionja kwanza bila kuambiwa. Alingoja nimeze, ndipo akala.